Anayemlipa Mpimaji Ndiye Anayeamua Kama Udongo Umesafika

Mnamo Julai 16, 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa ilitoa hukumu ambayo wakazi wa Mukuru, Viwandani, Kariobangi na Dandora jijini Nairobi wangefaa kuisoma mstari kwa mstari. Kesi ilihusu mtaa wa Owino Uhuru. Huko kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha shughuli zake ukutani mwa nyumba za watu kati ya 2007 na 2014, kikaacha madini ya risasi kwenye udongo, kwenye maji na kwenye damu ya watoto. Vyombo vya habari viliishika fidia ya shilingi bilioni 1.3, na si ajabu. Ila ndani ya hukumu hiyo kulikuwa na amri nyingine ambayo haikuzungumziwa sana: walioshtakiwa wasafishe udongo na maji ya mtaa huo katika muda wa miezi 4, na wakishindwa, shilingi milioni 700 ziende kwa upande wa walioshtaki ili wao wenyewe waratibu usafishaji.

Jaji hakusema milioni hizo ziende hazina kuu, wala kwa asasi ya serikali iliyotoa leseni kisha ikafumba macho. Asasi hiyo ilikuwa miongoni mwa washtakiwa. Naisoma amri hiyo kama kukiri kwamba aliyeshindwa kulinda hawezi kukabidhiwa peke yake kazi ya kusafisha na pia kazi ya kutangaza kwamba pamesafika. Msimamo wa makala haya ni huo huo, ila unasonga hatua moja zaidi: Nairobi isingoje hukumu. Fedha za kusafisha ardhi ya viwanda zipatikane kiwanda kikiwa bado kinazalisha, na sehemu ya fedha hizo, hasa ile ya kumlipa mtaalamu na maabara, iwe mikononi mwa wakazi kabla koleo la kwanza halijagusa ardhi.

Mahakama ni njia ya haki, lakini ni ndefu. Kesi ya Owino Uhuru ilifunguliwa 2016. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka minane. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufunguliwa kwa kesi alikuwa tayari ameumaliza umri ambao risasi huharibu ubongo kwa kasi zaidi, yaani miaka sita ya kwanza. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walipata ushindi mkubwa kwa Kenya nzima, lakini hakuna hukumu inayoweza kumrudishia mtoto huyo alichopoteza.

Turudi Nairobi. Eneo la Viwanda limekuwa na rangi, betri, ngozi, sabuni, vyuma, dawa za wadudu na mafuta ya petroli tangu enzi za ukoloni, na Mto Ngong unapita katikati yake kuelekea mashariki. Pembeni yake wamejaa watu wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye mtambo wa bomba la mafuta iliingia kwenye mtaro wa maji ya mvua, ikafika mtaa wa Sinai, ikawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Moto huo tunaukumbuka. Tunachosahau ni kwamba petroli inayovuja bila kuwaka huzama, na kemikali yake ya sumu iitwayo benzini husafiri na maji ya chini ya ardhi kwa miaka bila kuonekana, hadi ichotwe kisimani. Upande wa Dandora, utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliotolewa 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa. Nusu yao walikutwa na kiwango cha risasi mwilini kilichofikia au kuvuka mikrogramu 10 kwa desilita moja ya damu. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri hatua zianze kuchukuliwa mtu akifikia 5.

Na sasa kuna jambo jipya. Viwanda vinahamia Athi River, barabara ya Mombasa na kwingineko kwenye nafasi, na viwanja vya zamani vinauzwa. Godauni linabomolewa, ghorofa za kupangisha zinapanda. Hakuna anayeuliza chini ya ile sakafu kulikuwa na nini.

Sheria inasema fedha ziko wapi? Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu sheria ya Kenya si maskini hata kidogo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 28, inaruhusu watu wanaoendesha shughuli zinazoweza kuharibu mazingira watakiwe kuweka dhamana ya fedha, na dhamana hiyo inaweza kutaifishwa wakivunja masharti. Kifungu cha 25 kinaunda Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira, ambao kazi yake ni kuwa bima ya ziada pale mchafuzi asipojulikana au hali isiyo ya kawaida inapoilazimu Mamlaka ya Mazingira, NEMA, kuingilia kati. Kifungu cha 108 kinaruhusu amri ya kurejesha mazingira, na amri hiyo inaweza kumtaka mchafuzi alipie gharama za kazi itakayofanywa na mtu mwingine. Juu ya yote kuna Katiba: ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia.

Tatizo ni wakati. Dhamana ina maana ikiwekwa siku ya leseni. Ikidaiwa siku ya kufunga ni hewa tupu, kwa sababu kampuni yenye dhima ya kikomo ikishauza mitambo na kukatisha mkataba wa godauni, kinachobaki ni cheti cha usajili na sanduku la posta. Amri ya kifungu cha 108 inahitaji mtu wa kukabidhiwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa kwa kikundi chochote cha wakazi ni barua, kabla ya maandamano. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombeni leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira ya kiwanda hicho, ripoti za ukaguzi wa kila mwaka, mpango wa kukifunga, na uthibitisho wa dhamana iliyowekwa. Mkijibiwa kwamba dhamana haipo, jibu hilo lenyewe ni ushahidi. Mkinyimwa jibu, Tume ya Haki za Kiutawala hupokea malalamiko bila ada ya wakili.

Kuna viwanja visivyo na mwenyewe kabisa. Betri ya gari ya kilo 15 hubeba takriban kilo 9 za risasi, na mafundi wa juakali wanaozipasua kwa shoka na kumwaga asidi chini hawaachi jina popote. Kuwashtaki hawa ni kumshtaki maskini kwa umaskini wake. Hapa fedha zitoke kwenye bidhaa yenyewe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari imemtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa yake baada ya kutumika, na kanuni za wajibu huo zilitangazwa 2024. Sioni sababu ya tozo ndogo kwa kila betri mpya inayoingia nchini kutopelekwa moja kwa moja kwenye mfuko wa kifungu cha 25, kwa ajili ya viwanja visivyo na mwenyewe pekee.

Lakini tozo iwekewe ulinzi. Marekani ilianzisha mfuko wake wa kusafisha ardhi yenye sumu mwaka 1980, baada ya kashfa ya Love Canal, mtaa uliojengwa juu ya taka za kemikali, na ikautilia fedha kwa kodi ya mafuta na kemikali. Kodi hiyo ilikoma 1995 kwa sababu Bunge la Congress halikuiongeza muda, na mlipakodi wa kawaida akabeba mzigo wa wachafuzi kwa robo karne, mpaka ilipoanza kurudishwa kwa sheria ya 2021. Mfuko unaotegemea kodi yenye tarehe ya mwisho hufa kimyakimya, na viwanja vilivyokosa mwenyewe ndivyo vya kwanza kuachwa.

Funzo la pili kutoka huko ni dogo kwa fedha, kubwa kwa maana. Tangu marekebisho ya 1986, kikundi cha wakazi wanaoathiriwa na kiwanja kilicho kwenye orodha ya mfuko huo kinaweza kupewa ruzuku ya kuanzia hadi dola 50,000 ili kiajiri mshauri wake wa kitaalamu, mtu wa kusoma ripoti za wahandisi na kuwaeleza wakazi zinasema nini na zinaficha nini. Kikundi kimoja tu kwa kila kiwanja, kiwe kimesajiliwa, na kichangie asilimia 20, ambayo inaweza kuwa kwa kazi ya kujitolea. Hicho ndicho kipande kinachokosekana kwetu. Tuna vikao vya kushirikisha umma, tuna chai na maandazi, tuna karatasi za kutia sahihi. Mkazi anakabidhiwa ripoti ya kurasa 200 yenye majedwali ya kemia na kuulizwa kama ana maoni. Mkono mtupu haulambwi. Kamati isiyo na fedha za kumlipa mkemia wake itabaki kutikisa kichwa tu.

Kwa nini mkemia? Kwa sababu wizi mkubwa katika usafishaji hufanyika kwenye sampuli, na huko hakuna wa kuuona isipokuwa anayejua aangalie wapi.

Tuchukue mfano wa kuchanganya. Ni jambo la kawaida, na halali, kuchota udongo sehemu kadhaa, kuuchanganya, na kupima mchanganyiko ili kupunguza gharama. Sasa tuseme kiwango kilichokubaliwa kwa eneo la watoto kucheza ni miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo, kiwango kilichotumika Marekani kwa miaka mingi kabla ya kushushwa hadi 200 mwaka 2024. Sehemu moja ya uwanja, pale betri zilipokuwa zikipasuliwa, ina 2,000. Sehemu nyingine tisa zina 50 kila moja. Ukizichanganya kumi zote, maabara itakuletea 245. Uwanja umefaulu. Mtoto ataendelea kucheza pale pale penye 2,000. Ukichanganya tano badala ya kumi utapata 440, na uwanja huohuo umeanguka. Hakuna aliyeghushi namba hata moja. Aliyeamua idadi ya kuchanganya ndiye aliyeamua matokeo.

Au kina. Risasi iliyotoka kwenye moshi hukaa juu, kwenye sentimita chache za kwanza. Ukichimba hadi sentimita 30 na kupima mchanganyiko wa kina chote, umeizimua sumu kwa udongo safi wa chini. Kwa hiyo mkataba useme wazi: sentimita 0 hadi 5 zipimwe peke yake, kisha 5 hadi 15, kisha 15 hadi 30, na kuendelea hadi safu mbili mfululizo zitoke safi. Udongo uchekechwe kabla ya kupimwa, kwa sababu vumbi laini, chini ya mikroni 150, ndilo linaloganda mikononi mwa mtoto na kuingia mdomoni. Mara nyingi lina sumu nyingi kuliko kokoto zilizolibeba.

Vipo vifaa vya mkononi vya eksirei vinavyosoma metali kwenye udongo kwa dakika moja au chini ya hapo. Ni vizuri mno kwa kamati: siku moja unaweza kupita uwanja mzima kwa miraba ya mita 10 kwa 10 na kuchora ramani ya sehemu chafu. Ila vina mipaka. Udongo uliolowa husomeka chini ya ukweli, kwa hiyo asikubaliwe mtu anayekuja kupima asubuhi baada ya mvua ya usiku. Na havioni petroli, wala benzini, wala mafuta ya transfoma za zamani, wala havitofautishi kromu ya kawaida na ile ya aina ya sita inayosababisha saratani. Kiwanda cha ngozi au bohari la mafuta likipimwa kwa kifaa hicho pekee, halijapimwa. Hata kwa risasi, sampuli moja kati ya kumi ipelekwe maabara yenye ithibati ya KENAS, asasi ya Kenya inayoidhinisha maabara, kwa kipimo hasa kinachotakiwa. Neno "hasa" lina uzito wake: maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji na isiwe nayo ya kupima udongo. Ombeni orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa. Cheti cha ukutani hakitoshi.

Kila sampuli igawanywe mara tatu ikiwa bado uwanjani, mbele ya pande zote. Moja ya mkandarasi, moja ya wakazi, ya tatu ifungwe kwa lakiri yenye namba na kuhifadhiwa mahali pa kuaminika, kama vile zahanati, ili ifunguliwe matokeo mawili ya kwanza yakigongana. Anayebeba atie sahihi, anayepokea atie sahihi, na saa iandikwe. Gharama ya ziada ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kuchimba, na hapo ndipo fedha za wakazi zinapofanya kazi.

Baada ya sampuli, malori. Hapa hesabu rahisi inatosha, na mwanakamati yeyote aliyemaliza shule anaweza kuifanya.

Chukua kiwanja cha mita 100 kwa 80, kichimbwe kwa kina cha nusu mita. Hizo ni mita za ujazo 4,000. Udongo ambao haujachimbwa una uzito wa takriban tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kuna tani 6,400 za kuondoa. Lori la magurudumu kumi, ambalo kisheria lisizidi tani 26 likiwa limejaa, hubeba kihalali kama tani 14 za mzigo. Ni safari 457 hivi. Lakini udongo ukichimbwa huvimba kwa kama robo, unakuwa mita 5,000, na mkandarasi anayehesabu kwa ukubwa wa kisanduku cha mita 16 atasema safari 313 zinatosha. Akifanya hivyo amezidisha uzito barabarani, na kila tuta la Barabara ya Lunga Lunga litamwagiwa sumu. Upande wa pili yupo anayelipwa kwa safari. Huyu atajaza nusu lori na kuleta risiti 600. Dawa ya wote wawili ni moja: malipo yafuate tani zilizopimwa kwenye mizani, na fomu ya kufuatilia taka inayotakiwa na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 irudi kwa kamati ikiwa na sahihi ya mpokeaji. Lori lililotoka na halikufika mahali penye sahihi lisilipwe.

Lifike wapi, hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Dandora ni jaa la wazi. Halina tabaka la kuzuia maji machafu kuzama. Kuhamisha udongo wenye risasi kutoka Viwandani hadi Dandora ni kuwahamishia sumu watoto wengine, na mtu anayeliita hilo usafishaji anapaswa kupingwa hadharani. Kwa kiasi kikubwa cha udongo, njia ya haki mara nyingi ni kuuzuia hapo hapo: kuutibu kwa fosfeti au saruji ili risasi isiyeyuke kirahisi, kuukusanya upande mmoja wa kiwanja juu ya tabaka lisilopitisha maji, kuweka wavu wa rangi kali juu yake kama onyo kwa atakayechimba baadaye, kisha kuufunika.

Kufunika nako kuna mtego wa Nairobi. Sehemu kubwa ya mashariki ya jiji ina udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mkandarasi atautumia kufunikia kwa sababu upo karibu na ni bure. Januari na Februari utapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ya Machi itashuka ndani moja kwa moja, na vumbi la chini litapanda. Kifuniko kiwe cha udongo mwekundu au murram iliyoshindiliwa, angalau sentimita 30, na juu yake kabro au zege panapopita watu. Udongo huo mpya pia upimwe kabla ya kumwagwa. Mara ngapi "udongo safi" hutoka kwenye jengo jingine lililobomolewa, na hakuna aliyeuliza jengo hilo lilikuwa la nini?

Kalenda nayo ni sehemu ya mkataba. Kuchimba kukianza Machi au mwishoni mwa Oktoba, mvua italibeba rundo lote hadi Mto Ngong. Kipindi cha Juni hadi Septemba kinafaa zaidi, ila ni cha vumbi, kwa hiyo maji yanyunyizwe mchana kutwa, marundo yafunikwe kwa turubai kila jioni, na vibarua waoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Kibarua anayerudi na ovaroli yake huanzisha kiwanja kipya cha sumu juu ya kitanda cha mtoto wake.

Na mtoto aliyekwisha kupata sumu? Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako risasi kutoka machimbo ya dhahabu iliua mamia ya watoto, madaktari walisisitiza mpangilio mmoja: nyumba isafishwe kwanza, ndipo mtoto apewe dawa ya kutoa risasi mwilini. Kumtibu na kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure. Vijiji vilisafishwa kwa majembe na nguvu kazi ya wenyeji, safu ya juu ikiondolewa na udongo safi kuwekwa. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi 2013 kwa sababu fedha zilizoahidiwa na serikali zilichelewa kutolewa, na wakati huo wote watoto wake hawakuweza kuanza matibabu. Wanaodhani ucheleweshaji wa fedha ni suala la uhasibu waitafakari Bagega.

Sasa jambo ambalo wataalamu wengi hulikwepa. Ukiingia Mukuru na kusema unakuja kusafisha udongo, mkazi anasikia unakuja kubomoa. Ana sababu. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa nyumba kupisha barabara. Baada ya mafuriko ya 2024 tingatinga zilifuata kingo za mito. Mpangaji anayelala kwenye chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 akisikia kwamba ardhi aliyopo ina sumu, hesabu anayoifanya haraka ni ya pa kulala kesho. Mwenye nyumba naye anaogopa wapangaji wakimbie. Hivyo wote wawili wanakuwa na sababu ya kuficha, na sampuli zinakosa mtu wa kufungua mlango.

Kwa hiyo kabla ya kipimo cha kwanza, pawe na hati iliyotiwa sahihi na kaunti, mmiliki wa ardhi na asasi inayofadhili: hakuna anayehamishwa kwa sababu ya matokeo ya vipimo, ikibidi familia ipishe kazi kwa wiki kadhaa, kodi ya mahali pa muda inalipwa na mradi, na ramani ya vyumba inachorwa ili kila mmoja arudi pale alipokuwa. Mukuru ilipotangazwa eneo maalum la upangaji na kaunti mwaka 2017, wakazi walionyesha wanaweza kujipanga kuanzia vikundi vya nyumba chache hadi mtaa mzima na kujadili barabara, maji na vyoo. Muundo huo upo. Usibuniwe mwingine na mshauri kutoka nje.

Kamati yenyewe isizidi watu 13, wapangaji wawe wengi kuliko wenye nyumba, akina mama wenye watoto wadogo wawe sehemu kubwa, na fundi mmoja wa juakali anayejua betri zilikuwa zikipasuliwa wapi. Chifu na mwakilishi wadi waalikwe, wasiwe na kura. Mwanakamati, mkewe, mumewe wala mwanawe asipate kibarua wala zabuni ya mkandarasi. Hii ndiyo njia kamati nyingi hununuliwa, tena bila hongo, kwa ajira ya halali tu. Posho za vikao zilipwe na mfuko, kiwango kimoja, kibandikwe ukutani. Anayelipwa posho na mkandarasi ameshahamia upande wa mkandarasi.

Fedha zikae katika akaunti maalum ya benki ambayo haiwezi kuguswa na upande mmoja. Ningependekeza mgawanyo huu: asilimia 5 ya bajeti iwe ya wakazi, kwa mshauri na maabara yao, ilipwe mwanzoni, malipo ya awali ya mkandarasi yasizidi asilimia 15 na yawe na dhamana ya benki, asilimia 25 izuiwe hadi sampuli za mwisho, zilizochotwa mahali palipochaguliwa na mshauri wa wakazi, zitoke safi, na asilimia 10 ya mwisho ishikiliwe hadi misimu miwili ya mvua ipite, kwa sababu kifuniko kibovu hakijifichui kabla ya hapo. Wakandarasi watasema hawawezi kufanya kazi kwa masharti hayo. Wenye mtaji na nia wataweza. Wengine ni heri wasije.

Zipo hoja dhidi ya kuwapa wakazi fedha, na si za kupuuzwa. Vikundi huvunjika, viongozi hula, mwenyekiti hubadilika kuwa mwanasiasa. Ni kweli. Ndiyo maana napendekeza wakazi washike fedha za kupima na sahihi ya malipo ya mwisho, huku za kuchimba zikibaki chini ya sheria ya ununuzi wa umma. Asilimia 5 ikiliwa yote, hasara ni ndogo na itaonekana. Kipimo kikinunuliwa, asilimia 95 nyingine imetupwa.

Kazi ikiisha, kiwanja chenye sumu iliyofunikwa kiwekewe zuio kwenye rejista ya ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, likieleza kwamba kuchimba zaidi ya kina fulani kunahitaji kibali. Bila hilo, baada ya miaka kumi mnunuzi atafanya upekuzi wa hati, atakuta safi, atachimba msingi wa ghorofa sita na kuitoa sumu yote juu. Ni hatua ya gharama ndogo kuliko zote hapa, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi zaidi.

Kwa atakayetaka kuanza sasa: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kipengele kisichokuwamo kwenye hati ya Septemba ni vigumu kukichomeka Aprili. Pendekezo la kwanza halihitaji kuwa la kusafisha kitu chochote. Liwe la kupima viwanja vitano vilivyofungwa ndani ya wadi za Eneo la Viwanda, kwa sampuli zilizogawanywa mara tatu, na ramani ya matokeo ibandikwe kwenye ofisi ya wadi. Barua ya kuomba leseni na dhamana za viwanja hivyo iandikwe wiki hiyohiyo, kwa kuwa siku zile 21 huanza kuhesabiwa ombi likishapokelewa, na mhuri wa mapokezi ndio ushahidi wa tarehe.